Fundi Alipoulizwa Habari za Kodi

Fundi cherehani wa barazani, mjini Mbale, hubana pini midomoni na kuongea kwa upande mmoja wa mdomo, huku vidole vyake vikipapasa mshono. Nafuna, mjane aliyefuata gauni la bintiye, hakuwahi kumsikia akibishana na mteja. Siku hiyo, wakati jeshi likitawala nchi, askari aliyekuwa akipimwa koti la sare aliuliza, "Raia wanasema nini juu ya kodi?"

Fundi akatema pini kiganjani. "Afande, sisi maskini tunalipa. Waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa nchini hawalipi. Watozwe wao, wajane wapate dawa zahanati."

Askari akamkazia macho, akavua koti, akaondoka. Nafuna akamfuata kwa macho hadi alipopotea barabarani. Fundi akalikunja gauni taratibu, akamkabidhi Nafuna.

"Chukua leo, mama. Kesho sijui kama nitafungua."