Sanda Aliyorudisha Bi Mwantum

Hakuna mtu mwepesi wa kufika msibani kama Bwanaheri. Mtu akikata roho alfajiri, kabla kaburi halijachimbwa Mheshimiwa keshateremka dikoni, pale mitumbwi inapofungwa, na kanzu yake nyeupe, uso kaukunja sawasawa, nyuma yake vijana wamebeba bafta ya sanda, pamba, ubani na marashi. Zahanati haijui. Shule haijui. Lakini makaburi ya huku kwenye mito, toka Mohoro hadi Kiongoroni, anayajua kuliko wanaoyachimba.

Na watu wakamchagua kuwa mbunge. Msiwacheke, kuna sababu. Kijijini kwa Bi Mwantum, mbele kidogo ya Kiongoroni, aliyekuletea sanda si mgeni tena. Hukaa na wafiwa, hushika jeneza upande wa mbele, na siku akija na haja yake hanyimwi. Kumnyima mleta sanda ni sawa na kumvua maiti wako nguo kaburini, ndivyo walivyolelewa kuamini. Unafunguliwa deni hilo siku moja tu, siku yeye naye anapofiwa nawe ukampelekea sanda yako. Bwanaheri aliijua mila hiyo vizuri sana, maana mama yake alizaliwa huku huku. Yeye mwenyewe alikuwa na nyumba Dar es Salaam, na jamaa zake wakifa huzikwa huko huko. Nani wa mitoni angefika na bafta yake kwa wakati?

Bi Mwantum alifungwa na deni hilo mwaka wa tisini na tano, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mumewe, Kibwana, mkata boriti wa mikoko, alifariki katikati ya kampeni, na Bwanaheri akafika na sanda. Bi Mwantum hakuwa amempenda yule mtu. Alikuwa na mgombea wake wa chama kingine, mwalimu mmoja mpole aliyekuja na baiskeli na kuwaeleza watu habari za dawa. Lakini sanda ni sanda. Akampa Bwanaheri kura, na ukoo mzima akauvuta nyuma yake, huku moyo unamkataa.

Mheshimiwa aliahidi mashine. Boti ya kijiji ya kupelekea wagonjwa hospitali ya ng'ambo ya mto ilikuwapo, imeegeshwa, haina injini. Akasema mashine itakuja kabla ya masika. Masika ngapi zimepita hapo? Boti ikaoza, kuku wakataga ndani yake. Kila Bwanaheri alipokuja kuzika mtu, wazee walimkumbusha kwa adabu, naye akasema ipo njiani. Njia gani hiyo, jamani, isiyofika?

Jambo hili lilimkera Bi Mwantum kila alipokaa kusuka mkeka wake. Zamani, alijisemea, sukari tulipanga foleni, nguo tulipanga foleni, lakini kidonge cha malaria ulipewa bure na ukaulizwa hali. Sasa ni soko huria. Dukani kuna soda za kila rangi, redio za kila namna, mitumba imejaa hadi ukutani, na zahanati unaambiwa uchangie huduma na huduma yenyewe haipo. Tumeruhusiwa kuchagua, ati. Kuchagua nini, mtu kashafungwa mdomo kwa kitambaa cha maiti?

Mwaka elfu mbili, kampeni zimeanza tena, mkaza mwanawe Warda akashikwa na uchungu. Mimba yake ya kwanza. Mkunga wa kijiji akamwangalia akasema mtoto kakaa vibaya, huyu ni wa ng'ambo. Mussa, mumewe Warda, akatia mtumbwi majini upesi, maji bado yamejaa, akapiga kasia na mwenzake mpaka viganja vikachubuka. Lakini kasia si mashine. Katikati ya mkono wa mto maji yakaanza kupwa. Mnayajua wenyewe maji ya huku, yakiondoka hayaagi. Mtumbwi ukakaa juu ya tope, mikoko kulia, mikoko kushoto, na tope lenyewe ukikanyaga linakumeza hadi kiunoni.

Wakangoja. Bi Mwantum alimshika Warda mgongo, akamfunika jua kwa kanga yake, akamwambia maji yanakuja mwanangu, yanakuja. Mtoto ndiye aliyetangulia kuja, wa kiume, mzuri, kamili, na hakulia. Maji yalipopanda hapakuwa tena na haja ya kwenda mbele ila kwa ajili ya Warda mwenyewe. Yeye alipona.

Kichanga walikizika. Siku ya tatu, ngurumo ikasikika kutoka upande wa bahari. Bwanaheri, ndani ya boti mpya ya kampeni, mashine nyuma inatapika moshi. Akapanda kijijini na kipande cha bafta mkononi, kidogo, kimekunjwa vizuri. Akasema amesikitika sana kuchelewa, basi kipokelewe kama mkono wa pole. Bi Mwantum alikitazama kile kitambaa, kisha akaitazama ile mashine kule dikoni. Hakukipokea. Alisimama akaingia ndani, na watu wakadhani ni uchungu.

Uchungu ulikuwapo, ndiyo. Lakini kilichomwingiza ndani ni hasira. Mashine ya kuleta sanda ipo! Ya kumpeleka mzazi haipo! Usiku na mchana neno hilo likawa linamzunguka kichwani. Na lililomuuma zaidi ni kwamba uchaguzi ukifika itabidi ampe tena kura, kwa ajili ya Kibwana.

Basi akachukua mikeka yake yote, hata ule aliouweka kwa arobaini ya mjukuu, akasafiri nayo Mohoro. Akaiuza, akaingia duka la Gasper, Mchagga aliyehamia kule na soko huria, akaomba bafta ya sanda ya mtu mzima wa kiume. Gasper akavua kofia, akampa pole, akauliza nani amefariki.

"Hajafa mtu," alisema Bi Mwantum. "Narudisha."

Gasper alikata kitambaa bila kuuliza tena. Kuna wateja na kuna wateja.

Mkutano wa Bwanaheri ulifanyika uwanjani karibu na diko. Meza ikatandikwa, viti vikaazimwa, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mshamu, akakaa pembeni yake na suti iliyompwaya. Bwanaheri akahutubia. Akasifu amani, akasifu wazee, akawataja marehemu wa kila nyumba kwa majina, na kina mama wakafuta machozi. Yule mtu alijua kazi yake. Nahodha wake akamwonyesha ishara kutoka dikoni kwamba maji yanaondoka, naye akampungia mkono asubiri. Akaingia kwenye habari za mashine, ipo njiani.

Hapo ndipo Bi Mwantum aliponyanyuka na mfuko wake wa nailoni. Watu wakampisha, mfiwa hazuiwi. Akafika mezani, akatoa bafta, akaikunjua, akaitandaza mbele ya Bwanaheri, nyeupe, ndefu, ikaning'inia pande zote mbili za meza.



Kumpa mtu sanda naye yu hai, hajafiwa na yeyote! Huko kwao hilo halina jina jingine ila kumtakia mauti. Vijana waliobeba bendera wakarudi nyuma. Mama mmoja akaanza kusoma aya. Bwanaheri, mtu aliyeshika sanda za wilaya nzima, akavuta mikono yake kutoka mezani kana kwamba kitambaa kile kina moto. Mzee Mshamu akasimama, akamfokea Bi Mwantum kwamba fadhila za punda ni mateke, kwamba anamroga mgeni mchana kweupe, kwamba Kibwana angekuwa hai angempa talaka pale pale.

Bi Mwantum alingoja amalize.

"Simrogi mtu, Mzee Mshamu," alisema. "Ningejua kuroga ningeroga maji yasipwe. Hii ni sanda ya Kibwana. Mheshimiwa aliileta, namrudishia mkononi kwake, maana nikisubiri afiwe nitakufa mimi kabla, na kura yangu nife nayo imefungwa. Sasa sina kitu chake. Na mjukuu wangu kazikwa kwa kanga yangu, kwa hiyo na yeye hana kitu cha Mheshimiwa." Akamgeukia Bwanaheri. "Mheshimiwa, hujawahi kukosa mashine siku ya kuzika. Siku ya kuzaa iko wapi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinamisha vichwa, kila mmoja na maiti wake moyoni. Kisha mwanaume mmoja wa nyuma, ambaye naye alizikiwa mke, akauliza kwa sauti ya chini kabisa bei ya bafta Mohoro ni kiasi gani siku hizi. Mwingine akajibu. Wakaanza kuulizana.

Bwanaheri aliaga kwa kichwa, akaizunguka ile meza kwa mbali, akateremka dikoni haraka kuliko anavyoteremka siku za misiba. Lakini hotuba ilikuwa ndefu, na maji hayakuwa na kiongozi wa kumheshimu. Boti ilikuwa imelala ubavu juu ya tope, mashine yake imeinua pangaboi lake hewani, mpya, inang'aa, haina kazi. Nahodha akakuna kichwa. Vijana wakajaribu kusukuma, wakazama hadi mapajani, wakaacha. Kurudi uwanjani Bwanaheri hawezi, bafta bado ipo mezani na hakuna aliyethubutu kuikunja. Mbele ni tope. Akasimama pale juani na kanzu yake, anaangalia saa, anaangalia bahari.

Warda alitoka ndani siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu arudishwe. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa makuti. Alishika kigoda cha jikoni, akashuka nacho polepole, mkono mmoja tumboni, watu wakimfungulia njia. Akakiweka nyuma ya Mheshimiwa, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, kwa heshima zote alizofundwa.

"Kaa, baba," alimwambia. "Ngoja maji. Na mimi niliyangoja."