Nimejengewa ndani ya jiko

Leo nimejengewa ukuta nikiwa ndani, na msimamizi wa kazi nilikuwa mimi.

Baba alikwenda Kibombo kutafuta mchele, akaniachia ujenzi wa jiko jipya la mama.
"Wewe njo shefu wa shantie, msimamizi wa kazi. Mafundi wanajua kazi. Uwaonyeshe tu mulango itakaa wapi."

Nilikuwa nimesoma kitabu kizima juu ya kusimamia ujenzi.

Lakini mafundi walikuwa wanapiga hadithi, na mimi siwezi kuwakatiza wakubwa. Basi nikasimama pale mlango utakapokaa, nikingoja wanyamaze.

Papa Salumu, fundi mkuu, akafika na tofali, akaniambia kwa heshima mimi binti wa nyumba:
"Mama, songa kidogo."

Nikasonga. Kwa adabu.
Nikasonga kwa ndani.

Ukuta ulipofika kifuani mwangu, mama akarudi kutoka sokoni.
"Mulango iko wapi?"

Mafundi wote wakaniangalia.

"Pale nilipokuwa nimesimama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Unasema nini?"

"PALE! Toeni matofali pale kabla saruji haijakauka!"

Wakabomoa haraka, bila hadithi.

Mama akanitazama.
"Na hiyo sauti ilikuwa wapi asubuhi?"

Wenye haya wenzangu, nyinyi mnawakatizaje wakubwa? Nauliza kwa sababu kesho tunaweka dirisha.