Jirani wa Wakati wa Theluji

Juzi dukani Mutomo, mama mmoja alikuwa akiongea na binti yake kwa video. Binti yuko ng'ambo, na dirishani kwake theluji ilikuwa imeanguka hadi barabara ikapotea.

"Nilidhani baridi imeisha, mama. Sasa siwezi kutoka."

"Jirani yako anaitwa nani?"

"Sijui."

Mama aliweka sukari chini. "Na umekaa huko mwaka mzima? Enda ubishe. Nangoja."

Binti akavuka korido ya ghorofa, akabisha. Nyanya mmoja Mzungu akafungua, amejifunga blanketi. Alipomwona mama kwenye simu, akapunga mkono. Mama akapunga, nasi sote kwenye foleni tukapunga.

"Ingia kwake mnywe chai," mama akaagiza.

Sisi hapa theluji hatuijui. Majirani tunawajua, hata wale tuliokosana nao.