Niliufuta Uso wa Jumwa

Mimi ndiye niliyefanya. Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kunionea huruma. Sikulazimishwa, sikurogwa, wala sikuwa mtoto. Nilikuwa mwanamke mzima, brashi mkononi na akili kichwani, na nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujizaba kofi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nachora mabango ya maduka na kuta za hoteli hapa Malindi. Wazazi wangu ni watu wa bara waliokuja Pwani kutafuta kazi, nami nikakulia hapa. Kuchora nilijifunza mwenyewe, nikajiona fundi kweli kweli. Lo, kiburi changu!

Siku moja akanijia mwenyekiti wa kamati ya kanisa moja dogo upande wa Jilore. Jina lake silitaji, wala la kanisa. Alikuwa mtu wa suti na maneno laini. Kanisa lao lilikuwa limeezekwa bati jipya na askofu alikuwa anakuja kulibariki. Nyuma ya madhabahu palikuwa na picha ya zamani iliyochakaa. Akataka niitengeneze.

Nilipoiona nilisikitika. Ilikuwa imechorwa juu ya mbao nene za mbambakofi, upana wake kama mlango uliolazwa. Popo walikuwa wameichafua, moshi wa mishumaa umeipaka weusi, na pembeni mchwa wamekula. Ulichoona ni vivuli vya watu tu.

Aliyenifungulia kanisa alikuwa mama mzee aliyekuwa akilifagia, jina lake Kadzo. Watu wote walimwita Hawe, ndivyo Wagiriama wanavyomwita nyanya.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyekuja kumwosha mama?"

Sikumwelewa. Akaniketisha kwenye benchi, akanieleza. Picha ile ilichorwa na mamake mzazi, Jumwa, zamani za wamishonari, yeye Hawe akiwa msichana mdogo. Jumwa alichanganya udongo mwekundu, masizi na utomvu wa miti, akawachora wale wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ya Pasaka wakalikuta tupu. Wanaume walimcheka, mwanamke na kuchora wapi na wapi? Hakuwajali. Tena yule mwanamke wa katikati alimpa uso wake mwenyewe.

"Mamangu hakupigwa picha hata moja maisha yake," Hawe akasema. "Uso wake uko pale tu. Miaka yote hii umefunikwa na uchafu, nami nakaa hapa mbele kila Jumapili nikijua yumo."

Kuosha niliosha vizuri, hilo sijinyimi. Nilitumia pamba yenye unyevu mdogo sana, pole pole, maana rangi ile ililainika ukiizidishia maji. Wakaanza kutokea. Wanawake wamevaa hando, zile sketi za marinda za akina mama wa Kigiriama, na leso vifuani. Badala ya chupa za manukato wamebeba vibuyu vya mafuta. Mwisho ukatokea uso wa yule wa katikati. Uso mpana, mdomo wazi kidogo, macho ya mtu aliyeambiwa jambo zuri mno na bado anaogopa kuliamini.

Ufagio ulimwanguka Hawe.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu! Hata pengo lake la meno!"

Akalia huku anacheka. Na mimi nikalia. Ningeishia hapo! Ningekusanya vitu vyangu nikarudi Malindi siku ile ile!

Kesho yake mwenyekiti akaja kukagua. Akaitazama picha, uso ukamkunjamana.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo picha yenyewe, mwenyekiti."

"Askofu aje aone wanawake wa Biblia wamevaa hando kama wanaokwenda ngomani? Wavishe kanzu ndefu. Na hizo sura, zifanye kama za kwenye kalenda. Mariamu hakuwa Mgiriama."

Nikamwambia yule wa katikati ni mamake Hawe. Nakwambia nilimwambia! Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Akatabasamu.

"Ndugu yangu ni meneja wa hoteli kubwa kule Kikambala. Anatafuta mtu wa kuchora kuta za ukumbi mzima. Nilikuwa nimeshamtajia jina lako."

Nikamwelewa. Hoteli kubwa ya Kikambala! Mimi wa mabango ya nyama choma na vinyozi!

Nikanunua rangi ya mafuta dukani, ile ile ya kupakia milango. Nikamwomba mwenyekiti amtafutie Hawe kazi nyingine siku hiyo. Unaona ubaya wangu? Nilijua siwezi kufanya akiwa ananitazama. Nikawavisha kanzu za bluu. Nikawapaka sura nyeupe za mdoli. Wa katikati nilimwacha mwisho, na nilipofika kwenye yale macho sikusita hata kidogo. Ndilo linaloniunguza zaidi.

Askofu alikuja, akabariki bati, akaondoka. Sidhani kama picha aliitazama mara mbili. Hawe alikaa benchi la mbele, hakuimba. Nilipita karibu naye nikamwamkia. Akanigeuzia mgongo.

Kazi ya Kikambala nikaipata. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Meneja akanipeleka kwenye ukuta wa baa, akaunyooshea kidole.

"Hapa nichoree wanawake wa Kigiriama. Wavae hando. Lakini vifua wazi, bila leso. Wageni wetu wanapenda hivyo."

Nikamkodolea macho. Kumbe hando ni aibu mbele ya Mungu, lakini mbele ya watalii ni biashara! Ndugu mmoja analificha kanisani, mwingine analiuza baani! Na mimi ndiye kibarua wa wote wawili! Nilimtupia brashi miguuni. Nilimtukana matusi ambayo sitayarudia hapa. Askari wa mlangoni akanitoa nje kama mwizi.

Na hasira zile zikanifanya nikosee mara ya pili, vibaya zaidi.

Nikaenda Jilore moja kwa moja nikiwa na chupa ya tapentaini ya kuyeyushia rangi. Nikamkuta Hawe anafagia. Nikapiga magoti.

"Hawe, nimekuja kumtoa mama. Nitaifuta rangi yangu yote."

Akanitazama sana. "Utaweza?"

"Nitaweza."

Nilisema hivyo. Nitaweza! Bila kujaribu hata pembeni kidogo! Nikamwaga tapentaini kwenye kitambaa, nikaanza na uso wa katikati, maana ndio niliokuwa na haraka nao. Rangi yangu ilikuwa imeshagandamana na ile ya chini. Ilipolegea ikang'oka nayo. Nikaona kahawia kitambaani. Badala ya kuacha, nikasugua zaidi, eti nitaufikia uso. Nikasugua hadi nikaona mbao.

Mbao tupu.

Hawe alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga kwa ule ufagio!

"Basi, mwanangu," akasema. "Acha. Umeshammaliza."

Akatoka nje, na kanisani humo hakukanyaga tena. Alikufa baada ya miaka michache. Nilikwenda mazishini, wanawe wakaniambia nirudi nilikotoka. Nilirudi. Walikuwa na haki. Mwenyekiti naye alizing'oa zile mbao, akatundika picha ya dukani yenye kioo, na akaendelea kuwa mwenyekiti.

Kuchora niliacha. Nauza vitambaa sasa. Watu huniambia nijisamehe, yamepita. Yamepita kwa nani? Yule mama alikuwa na uso mmoja tu wa mamake duniani, nami nikaubadilisha kwa ukuta wa baa!

Wewe fundi unayesoma hapa, ukiletewa kazi ya mikono ya mtu aliyekufa, ulizia kwanza ni ya nani, na nani bado anaipenda. Ukiambiwa uifunike, kataa, hata uahidiwe nini. Na kama umeshaiharibu, tulia, usiiguse kwa hasira. Mimi niliigusa. Na nyinyi wenyeviti mnaowaonea haya mama zenu mbele ya askofu, sina la kuwashauri. Nawachukia tu, kama ninavyojichukia mimi.