Mgao wa Mheshimiwa

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Manesi, wapishi, mpaka wagonjwa waliolazwa wiki moja tu, wote walimwita Bwana Gramu. Alikuwa msimamizi wa jiko la hospitali kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna upawa wa mchuzi uliotoka jikoni bila yeye kuutolea macho. Nyama aliipima kwa mizani. Wali aliupima kwa kikombe cha bati alichokichora mstari kwa msumari, na ole wake mpishi aliyejaza kikombe kikapita mstari kwa sababu ya huruma. "Huruma ina wodi yake," alikuwa akisema, "hapa ni jikoni." Wengine walimsema kuwa ana mkono wa birika, lakini huko ni kumwonea. Mchoyo hupunguza. Bwana Gramu hakupunguza wala hakuongeza. Alichotaka duniani ni kila mtu apate chake, na kiandikwe.

Fahari yake kubwa ilikuwa sahani. Zamani daktari akitaka kujua kama mgonjwa anakula, ilibidi mtu aende kumuuliza, na wagonjwa wanajulikana, watasema lolote ili waachwe walale. Bwana Gramu akaukomesha uongo huo. Sahani zilipokuwa zikirudi jikoni, alisimama mwenyewe kwenye sinki na daftari lake. Sahani nyeupe, mgonjwa amekula. Sahani yenye mabaki, hajala. Wakubwa wakausifu utaratibu huo, wakampa cheti, naye akakitundika sebuleni kwake juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumpinga, nesi mmoja wa wodi ya wazee. "Mkubwa," alimwambia mbele ya wapishi, "ukitaka kujua kama mtu kala, mtazame mtu. Sahani haina tumbo." Bwana Gramu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa wiki nzima alikisimulia kisa hicho kila alipopata wa kumsikiliza.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa paka.

Paka alikuwa wa jirani, bibi mmoja aliyeishi nyumba ya pili, shoga wa mama yake Bwana Gramu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mama aliishi kwa mwanawe, na kila mchana, mwana akiwa hospitalini na mkwe akiwa sokoni kwenye cherehani yake, alifunika sahani yake akavuka ua kwenda kula na shoga yake. Walikula, wakawateta watu wa mtaa mzima mmoja mmoja, wakasinzia vitini. Kisha shoga akafa. Ndugu zake, ambao miaka yote hiyo hawakuijua njia ya kwake, siku hiyo waliijua. Wakagawana kabati, mapazia, redio, hata vifuniko vya masufuria yaliyokwisha kupotea. Paka hakuna aliyemtaka. Walimwacha katikati ya chumba kitupu, dume la kijivu lililohasiwa, tumbo limemwagika sakafuni pande zote mbili.

"Huyu ni wangu," Mama akasema. Alijaribu kumwinua akashindwa, ikabidi mwanawe ambebe, naye alifika nyumbani anahema. Mke wa Bwana Gramu, fundi cherehani ambaye neno halimlali mdomoni, alimtazama paka kuanzia masikio mpaka tumboni, kama anamchukua vipimo. "Karibu, Mheshimiwa," akasema. Jina likabaki hilo.

Daktari wa wanyama, binti mmoja mwenye miwani, hakuona cha kuchekesha. Alimpandisha Mheshimiwa mezani, akazitafuta mbavu zake kwa vidole akaambulia patupu, kisha akampima. Kilo saba na nusu.

"Anatakiwa awe na tano na kidogo," alisema. "Sukari iko mlangoni, Mzee. Akiendelea kula hivi, sidhani kama ataumaliza mwaka."

Mama alikuwa kwenye benchi ukutani. Hakulia. Alisema tu, "Ndiye aliyebaki, mwanangu. Usiniache nimzike na huyu."

Maneno hayo yalimchoma Bwana Gramu. Watu aliwapenda kwa shida, maana watu hawapimiki, lakini mama yake alimpenda waziwazi, hata mbele za watu. Alimshika mkono akaapa palepale, mbele ya daktari, kwamba paka atapungua.

Jumatatu mizani ndogo ya jikoni ikahamia juu ya friji. Chakula kikavu gramu ishirini na tano asubuhi, ishirini na tano jioni, katika kibakuli chenye mstari wa msumari. Kwenye mlango wa friji ikabandikwa karatasi iliyopigwa rula: tarehe, saa, kiasi, aliyetoa, aliyeshuhudia.

"Aliyeshuhudia?" mkewe akauliza.

"Lazima. Kesho asije mtu akasema hakuona."

"Na paka mwenyewe je? Si aweke dole gumba kuwa kapokea?"

Bwana Gramu alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima.

Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya mizani ya bafuni. Mheshimiwa hakukubali kusimama juu yake peke yake, akiwekwa anashuka, tena bila haraka. Kwa hiyo Bwana Gramu alimkumbatia kifuani, akapanda naye, akasoma namba, akamshusha, akapanda peke yake, akatoa. Hesabu ya kutoa aliifanya kichwani. Kalamu aliishika kwa heshima tu. Wiki ya kwanza, saba na nusu. Wiki ya tatu, saba nukta saba. Wiki ya sita, saba nukta tisa. Alibadilisha betri. Alivua saa na mkanda. Alinyoa ndevu, isije ikawa ndizo. Paka akaongezeka vilevile.

Akaupunguza mgao ukawa gramu ishirini, kisha kumi na tano. Na hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeshtuka, kwa sababu Mheshimiwa hakulia. Paka aliyenyimwa chakula huamsha mtaa. Huyu alinusa kibakuli chake, akala punje mbili tatu kwa kumridhisha mwenye nyumba, akaenda kujinyoosha juani. Lakini Bwana Gramu hakushtuka. Aliona ni nidhamu inaanza kuingia.

Hata hivyo namba ni namba, kuna mtu alikuwa akimlisha. Akafunga pipa la takataka kwa waya. Akanyunyiza unga kwenye kizingiti cha jikoni ili amnase mwizi kwa nyayo, na asubuhi akapata nyayo za mwizi: zilikuwa zake mwenyewe, alikwenda kuhakikisha unga upo. Jumapili moja alimfuata Mheshimiwa kutwa nzima kwa kunyata, na ripoti ya siku hiyo ilikuwa fupi, paka alilala. Mwishowe akamgeukia mkewe.

"Ni wewe."

"Mimi?" Mkewe aliweka mkasi chini. "Mimi humu ndani nakula kwa woga, nitapata wapi cha kumpa paka? Badala ya kunipeleleza, hebu nisikilize. Mama kaniletea magauni yake niyapunguze kiunoni. Mara ya pili hii tangu msiba."

"Nguo zikifuliwa sana hutanuka."

"Mimi ndiye fundi au wewe ndiye fundi?"

"Na sahani yake umeiona?" Bwana Gramu akaenda jikoni, akarudi na sahani ya Mama, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyeupe pe, haina hata punje ya wali. "Huu ndio ulaji. Wazee wangu wa wodini wangekula hivi, ningestaafu kwa amani."

Mkewe akauchukua tena mkasi wake. Aliziona sahani hizo, si yeye ndiye aliyekuwa akiziosha? Tangu msiba Mama alikuwa akila chumbani kwake, mchana na jioni, akisema kiti cha mezani kinamuumiza magoti. Sahani zilirudi safi kila siku. Hiyo ndiyo taabu ya kuishi na mtu mwenye cheti ukutani, hata mwenye macho mazuri huanza kuyashuku. Na kila sahani ilipokwenda chumbani kwa Mama, Mheshimiwa aliifuata nyuma kwa adabu ya mtu aliyealikwa. Nyumba nzima ilimsifu. Walisema paka huyu ana utu, anamliwaza mfiwa.

Mwezi wa tatu ulipotimia wakarudi kwa daktari wa wanyama. Mama alisema lazima aende naye, na njia nzima alikipakata kikapu. Meza ya mizani siku hiyo ilikuwa na mgonjwa mwingine, sungura aliyefungwa bandeji, kwa hiyo daktari akawaonyesha mizani pana iliyokuwa chini sakafuni, ile ya mbwa wakubwa. Mheshimiwa kutolewa kikapuni, akaikamata nguo ya Mama kwa kucha zote akakataa kushuka.

"Basi panda naye hivyohivyo, Bibi," daktari akasema. "Halafu utapanda peke yako, tutatoa."

Mama akavua viatu, akapanda. Namba zikacheza kidogo zikatulia: arobaini na tisa nukta nne.

Bwana Gramu hakusubiri. Kutoa ilikuwa kazi yake, na uzito wa paka aliujua tangu Jumamosi, kilo nane nukta moja. Arobaini na tisa nukta nne, toa nane nukta moja. Akapata arobaini na moja nukta tatu. Akarudia, akidhani amekosea, jambo ambalo halijamtokea tangu shule ya msingi. Arobaini na moja nukta tatu. Kadi ya kliniki ya mama yake alikuwa ameijaza mwenyewe mwanzoni mwa mwaka, kwa mwandiko wake mzuri: hamsini na tano.

Ndipo alipomtazama. Alimtazama Mama, siyo mizani, na ilikuwa kama anaonyeshwa mtu mgeni. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Gauni, pamoja na kupunguzwa mara mbili, lilimning'inia mabegani. Mikono iliyomshika paka ilikuwa ikitetemeka kwa uzito wake, na Mheshimiwa, amejaa tele kifuani hapo, alikuwa amefumba macho.

"Mzee, ameongezeka tena," daktari akasema kwa ukali. "Nani anamlisha huyu?"

"Ni mimi," Mama akajibu.

Bwana Gramu akamsogelea. "Mama, wewe unakula?"

"Miezi mitatu, mwanangu," Mama akasema polepole, "ndiyo kwanza leo unaniuliza mimi. Siku zote unaiuliza sahani."

Sungura alikuwa akitafuna.

"Chakula cha peke yangu hakipiti," Mama akaendelea. "Nikitia tonge mdomoni namkumbuka mwenzangu, linakwama hapa. Nikirudisha sahani na chakula, nilijua utaandika, utanipeleka kwa madaktari, utanipimia uji kwa kile kikombe chako. Mheshimiwa akawa ananisaidia."

"Lakini uliambiwa atakufa, Mama. Wewe mwenyewe ulisikia."

"Nilisikia. Kila siku nilisema kesho nitakula mwenyewe." Akaishusha sura yake kwenye manyoya ya paka, na sasa alilia. "Nilikuwa namuua, na mimi ndiye niliyekuomba umponye."

Bwana Gramu alipiga magoti kwenye sakafu ya kliniki, akamvisha mama yake viatu, kimoja kimoja. Njiani kikapu alikibeba yeye. Aliona aibu sana, aibu ya mtu aliyepewa cheti.

Kesho yake, saa ya sahani kurudi jikoni, wapishi walishangaa kuona sinki halina mtu. Mkubwa alikuwa amempa msaidizi wake daftari, akatoka na kofia yake, jambo lililowafanya wanong'one kwamba labda kamwaga unga, kazi hana tena. Alikwenda nyumbani. Alipakua sahani mbili za wali na samaki bila kikombe, akakaa sakafuni chumbani kwa mama yake, akafunga mlango. Nje Mheshimiwa akakwaruza ubao na kulalamika kwa sauti ya aliyenyimwa kura. Hatimaye alikuwa analia. Ilikuwa dalili nzuri.

Lakini kuteta Bwana Gramu hakujui. Alianza na bei ya sabuni, Mama akatazama dirishani. Akajaribu habari za friji za hospitali. Mwisho akapiga moyo konde, akamsimulia kisa cha nesi wa wodi ya wazee na sahani isiyo na tumbo, na safari hii mjinga wa kisa hakuwa nesi. Mama akaanza kutabasamu, kisha akacheka hasa, mkono mdomoni. "Na wewe ukamcheka!" alisema. "Mbele ya wapishi!" Katikati ya kicheko akachukua tonge bila kujua, akalitia mdomoni. Mwanawe alimtazama akitafuna, akamtazama koo mpaka lilipopita. Likafuata la pili. La tano ndilo lililokuwa la mwisho, akasema inatosha, na mwanawe hakubishana naye.

Jioni mkewe alirudi kutoka sokoni, akaikuta sahani ya Mama kwenye sinki, nusu nzima ya chakula imebaki.

"Mama hajala?" akauliza, ameshtuka.

"Amekula," Bwana Gramu akajibu. "Nimemwona."