Mizizi ya Meno ya Kisemei

Kisemei alikuwa fundi wa ua wa waya, na mashamba mengi kutoka Kisaju hadi Mashuuru yamezungushiwa ua kwa mikono yake. Alipofika miaka arobaini na saba aliamua kunyoosha meno ya mbele, yaliyopandana tangu utotoni hata akazoea kucheka ameziba mdomo. Daktari Mugure wa Kitengela akamfunga vyuma.

Shida ilikuwa haraka. Bintiye Naisula alikuwa anaolewa Desemba, na Kisemei alitaka kupigwa picha akicheka.

"Daktari, kaza zaidi," alimwambia kila mwezi. "Uchungu naweza kuvumilia."

"Baba Naisula, jino husogea polepole. Ukilisukuma kwa nguvu, mwili unaanza kuula mzizi wake."

Hakusikia. Mwezi wa Juni alienda kimyakimya kliniki nyingine, wakamkazia alivyotaka. Akashindwa hata kutafuna ugali, akajipongeza kwamba sasa mambo yanaenda. Kufikia Septemba meno mawili ya juu yalikuwa yanacheza akiyagusa kwa ulimi. Mkewe Linda akamshika mkono, akamrudisha kwa Mugure.

Mugure alipiga eksirei, akaiweka kando ya ile ya zamani. Mizizi ya meno yale mawili ilikuwa imepungua karibu theluthi, ncha zake butu.

"Yatang'oka?" Kisemei aliuliza.

"Tukiacha kuyavuta kwa sasa, nadhani tutayaokoa. Mizizi haitarefuka tena, lakini haitaendelea kuliwa."

Kisemei alingoja kukaripiwa. Mugure hakumuuliza alikuwa wapi. Alilegeza waya, akampa miezi mitatu ya kupumzisha meno, kisha wakaanza upya kwa waya mwembamba, kidogo kidogo.

Harusi ilifika meno yakiwa nusu safari. Kisemei alicheka vivyo hivyo, vyuma vikimetameta, na Naisula akaichagua picha hiyo kuliko zote. Mwaka uliofuata vyuma vilitolewa. Jino moja lilibaki limeinama kidogo, na Mugure akakataa kulivuta zaidi. Safari hii Kisemei hakubishana. Meno yote yalikuwa imara.

Jumapili moja, wakati wa ushuhuda kanisani, alisimama.

"Niko na shukrani ya mtu mmoja," alisema. "Daktari Mugure nilimtoroka bila kuaga. Nikarudi nimejiharibu, akanipokea kama mtu aliyechelewa tu njiani. Ashe oleng, asante sana, daktari."

Mugure hakuwepo kusikia. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi Kisemei alipanda gari hadi Kitengela, akamwambia ana kwa ana.