Debe la Picha Mpya

Juzi tukingoja basi Newala, bwana mmoja alikuwa akimlalamikia mkewe kuhusu sinema tuliyoonyeshwa uwanjani, ile ya mama mteka maji, waliyoipiga upya na mwigizaji mwingine.

“Yule wa zamani alibeba debe limejaa,” alisema, akijipapasa shingo. “Maji yakimchuruzika hapa, na shingo imetulia. Huyu mpya debe lake tupu kabisa.”

Mkewe alikuwa akikaza kanga kiunoni. Akaacha.

“Baba Zainabu, mimi napandisha debe lililojaa kutoka bondeni kila siku. Shingo yangu uliitazama lini?”

Bwana akaenda kuulizia basi.

Nami nilikuwa nimeandika nusu ya safu yangu ya gazeti kumsifu yule mwigizaji wa zamani. Nimeichana kabla mke wangu hajaisoma.